Mzizi Nilioubakiza

Magoti ya Bibi yamevimba hadi yanang'aa. Ameinyoosha miguu juu ya mkeka kama mzigo aliowekewa na mtu asiyerudi kuuchukua. Huyu ndiye Bibi Bonifasia, ambaye watu wa Ntobeye waliletwa kwake wamebebwa na wakarudi makwao wakitembea. Dawa ya uvimbe anayo nyuma ya nyumba. Haigusi.

Kosa ni langu, nalo limetimiza mwaka.

Alikuja Daktari Frida, mtafiti wa chuo kikuu, akapiga goti kumwamkia Bibi kama binti wa hapa. Alieleza kwamba katika damu mna chembe za kinga, mfano wa askari. Mara nyingine hukasirika pasipo adui, na hasira yao ndiyo uvimbe. Alitaka kuzimwagia chembe hizo dawa yetu huko maabara, aone kama zitatulia.

"Na wakilala wote, mwizi akija?" Bibi aliuliza.

Daktari alicheka hadi akafuta macho, akasema hilo ndilo swali lililomtoa kwao. Bibi akampenda papo hapo. Akaniagiza nimfungie dawa yote: majani ya kile kichaka kilicho ukingoni mwa migomba, pamoja na unga wa mzizi unaochanganywa nayo.

Kwetu mgeni hapewi dawa nzima siku ya kwanza. Hupewa nusu, akirudi kushukuru, humaliziwa. Bibi mwenyewe ndiye aliyenifunza hivyo, tangu nilipomaliza darasa la saba nikabaki nyumbani kuitazama mikono yake. Miaka sita nilitazama kabla ya kuruhusiwa kuuchimba mzizi ule. Huyu angeupata kwa kicheko kimoja. Nilifunga majani peke yake, nikajiambia kwamba desturi ni desturi, atarudi.

Hakurudi. Ilikuja barua, nami ndiye niliyeisoma, kwa kuwa Bibi hajui kusoma. Ilisema, kwa heshima nyingi, kwamba dawa kama ilivyoletwa haikuzituliza chembe zile. Kwenye "kama ilivyoletwa" ulimi wangu ulikuwa mzito. Ningeweza kusema palepale. Niliikunja barua.

Bibi hakubisha. Wenye darubini aliwaamini kuliko mikono yake. Tangu siku hiyo, kila aliyekuja akichechemea alimwelekeza zahanati, akamwomba radhi kwa miaka aliyomnywesha maji ya majani. Rozalia, rafiki yake wa Murukulazo aliyekuwa akinywa dawa hiyo kwa miaka, alidhani ni mzaha. "Bonifasia, umezeeka hadi unaitukana dawa yako?" Alipoona hachekewi, alichukua fimbo yake akaondoka polepole. Nilimsindikiza hadi barabarani, na huko pia sikusema kitu. Uvumilivu ambao watu hunisifia, mimi najua ulivyofanana na woga mwaka huu.

Leo asubuhi nilimchemshia Bibi dawa kamili, nikampelekea kikombe.

"Usinihurumie, mjukuu wangu," alisema. "Hata wewe uliisoma barua."

"Mzizi sikuuweka, Bibi. Ulisema nifunge vyote. Nilifunga majani tu."

Nilitazamia anitukane. Hakuniuliza hata sababu. Alikiweka kikombe chini, akauliza habari za Rozalia. Nikamwambia nilichosikia sokoni kutoka kwa mkwewe: hashuki kitandani tangu kupanda maharage.

"Mimi nilimwambia nilimdanganya," alisema. "Akaniamini."

Akaweka viganja sakafuni, akataka kunyanyuka. Nilimwambia Murukulazo ni mbali, nitakwenda mimi. Akajibu kwamba neno lile lilitoka kinywani mwake, si mwangu. Mimi nibebe dawa. Nikamsihi basi anywe kwanza, apate nguvu ya njia.

"Nitakunywa akishakunywa yeye."

Nilimshika kwapani. Magoti yalipopokea uzito wake alitoa sauti ndogo, akauma mdomo, akanielekezea mlango kwa kidevu.