Mota Isiyo na Kelele

Asubuhi hiyo, kama kila asubuhi, Darlène alikuwa anamsukuma shangazi yake kupanda mlima wa Nsambya.

Shangazi, Tantine Perpétue, alikuwa ameketi juu ya baiskeli ya milimani, ile ya tairi zenye meno aliyoachiwa na Blaise, mwenzake wa kwaya, siku Blaise alipopata ndege ya kuhamia Kanada. Nyuma kafunga ndoo ya uji wa kuuza pale juu. Pedeli hakanyagi. Miguu imetulia kama yuko kanisani, na mkono mmoja unasalimia watu. "Bonjour papa! Umelalaje?" Darlène huko nyuma anahema, paji la uso limegusa ndoo, hasalimii mtu. Hata angekuwa na pumzi asingesalimia. Aibu yake mtaa mzima unaijua.

Lango la shule linafungwa saa moja. Wiki hiyo alishachelewa mara mbili. Mara ya tatu, mwalimu alisema, hafanyi mtihani.

Kwa hiyo Tantine alipotangaza kwamba jioni wanaenda kwa fundi kule Kabalagala kuchagua mota ya umeme ya baiskeli, Darlène nusura aimbe.

Fundi Khaemba, Mkenya mwenye kalamu nyuma ya sikio, aliweka mota mbili mezani.

"Hii inakaa ndani ya gurudumu la nyuma. Bei nzuri, lakini mlima ikiwa mrefu inashika moto. Hii ingine inakaa katikati, kwa pedeli, inatumia gia. Hiyo inapanda hata ukuta. Mama, uko na kilo ngapi?"

"Sitini."

Kiti alichokalia kikatoa mlio. Tantine ana sitini tangu walipokuwa wakiishi Bukavu, na hakuna aliyewahi kumwomba ushahidi.

"Sawa mama," Khaemba akasema kwa heshima, "tuache kilo. Saa hii baiskeli inasukumwa na nini?"

"Na hii." Akamwonyesha Darlène kwa mdomo.

Khaemba akafungua daftari kama daktari. Akamzunguka Darlène mara mbili, akampima miguu kwa tepu.

"Iko na kelele?"

"Hata kidogo. Siku mbili inaweza kupita bila kusema."

"Kwa mvua je?"

"Inasukuma tu."

"Inashika moto?"

"Inatoka jasho, lakini haizimi."

"Na chaji?"

"Fufu. Na mboga ya sombe, ikibaki."

Darlène akafungua mdomo. "Mimi..."

"Usiogope, fundi," Tantine akasema. "Ni mara ya kwanza inalia mwaka huu."

Khaemba akajumlisha, akapiga mstari, akafunga daftari.

"Mama, nisikudanganye. Sina kitu ya kushinda hii. Usibadilishe."

Tantine alifurahi mpaka akainunulia mota yake soda. Pesa ya mota ikaenda kwa tairi mpya na kengele kubwa ya kusalimia watu.

Walipofika nyumbani, Tantine akiimba jikoni, Darlène akachukua simu na risiti ya tairi yenye namba ya Khaemba. Akaandika, akafuta, akaandika tena:

"Habari fundi. Ni mimi ile mota. Tantine ana kilo mia moja na kumi na mbili, mikono yangu ndiyo mizani. Tafadhali mwambie ukweli, anunue ile ya katikati. Kesho saa kumi na mbili na nusu nitaharibika pale kona ya juu. Njoo na spana."

Akatuma. Alama mbili zikageuka bluu. Tantine akamaliza wimbo, akaanza mwingine, akaumaliza nao. Khaemba hakujibu.