Ramani ya Ghuba ya Mashariki

Marlys Tollefson alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika maktaba ya chuo, kaskazini mwa jimbo la Minnesota. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya kila andiko ili mtu akilitafuta alipate. Jumanne moja, kahawa yake haijapoa, akaingia mwanamke wa Kiojibwe, wenyeji wa asili wa huko, mwenye theluji mabegani, Delphine Bellanger.

"Mama, natafuta tasnifu ya shangazi yangu Lorraine. Aliiandika hapa mwaka sabini na tatu, habari za mpunga-mwitu wa Ziwa Korongo. Keshokutwa kuna kikao. Wenye bwawa la ziwa hilo wanataka kupandisha maji, na mpunga utazama; eti haujawahi kuota ghuba ya mashariki. Shangazi aliuchora humo kwenye ramani."

"Umeitafuta kwenye hifadhi yetu ya mtandaoni?"

"Wiki nzima. Jina lake, hakuna. Ziwa, hakuna. Nikiandika mpunga, naletewa mkulima wa Arkansas."

Marlys akajaribu mwenyewe. Naye akaletewa mkulima wa Arkansas.

"Na ile ya karatasi?"

"Za karatasi tulizitupa zote baada ya kuzipiga skani."

Hapo ndipo alipokumbuka. Kiangazi cha 2009 walipewa wiki sita kuingiza tasnifu mia nne mtandaoni. Alijaza fomu moja, akainakili kwa zote. Mwandishi: jina la chuo. Mwaka: 2009, ule wa skani. Mada: biolojia. Kichwa: tasnifu, na namba. Alisema atarekebisha baadaye.

Delphine akainama kwenye kompyuta. "Mungu wangu, zote zinafanana. Nani kafanya uzembe huu?"

Marlys akanywa funda la kahawa.

"Mimi."

Delphine akavuta kiti. "Basi angalau aliyeificha ninaye hapa. Nipe kompyuta nyingine, nianzie mwisho."

Wakafungua moja moja. Vyura. Magome ya misonobari. Vyura tena.

"Hawa watu walikuwa na nini na vyura?" Delphine akauliza.

"Vyura hawakimbii mbali."

Alasiri, kwenye namba mia moja arobaini na nane, Marlys akaona herufi za taipureta na jina: Lorraine Bellanger. Ukurasa wa sitini ulikuwa na ramani, ghuba ya mashariki imetiwa kivuli kwa penseli kuonyesha mpunga.

Delphine akagusa kioo kwa kidole. "Mwandiko wake huo. Saba zake zina mkia. Chapisha, mama, niende."

"Ngoja kwanza." Marlys akafuta yale ya 2009, akaandika mwandishi, mwaka 1973, ziwa, ghuba, mpunga-mwitu. "Nyinyi kwa lugha yenu mnauitaje?"

"Manoomin."

Akaliongeza na hilo. "Sasa itafute kwa simu yako. Wakisema umeitunga juzi, waambie waitafute wenyewe hapo kikaoni."

Delphine akaandika jina la shangazi yake. Ikatokea ya kwanza. Akakunja nakala mbili ndani ya koti, akaaga.

Marlys akarudi namba moja, ya vyura. Aliyeiandika aliitwa Verlyn Osterhaus, mwaka 1958. Akaanza kuandika.