Komeo la Gamaliel

Jumapili ya kwanza baada ya hakimu kutia muhuri cheti chao, waumini waliojitenga na kanisa la mfalme walifika kwenye ghala la sufu la Hallowcombe mchana kweupe, wakicheka njiani. Miaka ishirini walikuwa wamesali humo kwa kunong'ona. Sasa sheria iliwaruhusu kuimba, kwa sharti moja: mlango usifungwe kwa komeo wakati wa ibada. Ukifungwa, ruhusa imekufa.

Zaburi haijafika ubeti wa pili, komeo likajifunga.

"Nani tena huyo?" akafoka mhubiri Trott.

"Mume wangu," alisema Thomasin Pook.

Gamaliel alikuwa bawabu wao hadi alipofia gerezani, mwishoni mwa mwezi wa pili wa kifungo cha miezi sita. Tangu hapo hakuwahi kukosa Jumapili. Alisimama mlangoni na shati lake la jela, na hakuna aliyewahi kulalamika, kwa kuwa alifunga vizuri.

Dirishani, konstebo Dibble alionekana akivuka daraja, anakuja kukagua.

"Fungua, Gamaliel! Dibble huyo!"

"Ndiyo maana nafunga."

"Kichwa kigumu ulipokuwa hai, kigumu vilevile umekufa! Tumeruhusiwa, bwana. Soma!" Thomasin akamsukumia cheti puani.

Gamaliel alisoma, kidole kikifuata maneno. "Tuimbe kwa sauti?"

"Mpaka paa ling'oke!"

Akavuta komeo. Dibble akasukuma mlango, ukafunguka, akahesabu vichwa. "Arobaini na mmoja. Pook, siku nyingi."

"Nyingi, konstebo," alijibu Gamaliel. Dibble ndiye aliyemkamata.

Waliimba hadi vumbi la sufu likadondoka darini. Gamaliel alikosea sauti palepale alipokuwa akiikosea zamani, na Thomasin akacheka huku machozi yanamtoka.

"Haya, twende nyumbani," alimwambia ibada ilipokwisha. "Nimeoka pai ya njiwa."

Gamaliel alikigeuza cheti, mbele na nyuma. "Humu hamna neno juu ya waliokwisha kufungwa."

"Kwa hiyo?"

"Nimebakiza miezi minne. Mkuu wa jela hahesabu siku za marehemu."

Thomasin alikwenda nyumbani mbio, akarudi na pai nzima ndani ya kitambaa. Jela walikuwa bado hawalishi mtu; mfungwa alikula alicholetewa na jamaa zake. Gamaliel aliipokea kwa mikono miwili, ingali moto, akatoka kwa mlango ulio wazi na kushika njia ya gerezani.