Waranti ya Doyle Haskew

Nelda Haskew alikuwa akikaanga viazi, simu ameibana kati ya sikio na bega, wakati dada wa huduma kwa wateja aliporudi hewani. Alimwambia kwamba kuhusu bastola aliyoituma kiwandani, kampuni huzungumza na mnunuzi wa kwanza peke yake.

"Huyo ni baba yangu," Nelda alisema. "Alifariki Novemba."

"Pole sana, dada. Basi tukishaongea naye tutaendelea."

Nelda alikuwa bado anatafuta jibu la adabu mlango wa nyuma ulipofunguliwa. Baba yake, Doyle, aliingia, akakung'uta udongo kwenye viatu, akamwondoa paka kwenye kiti chake. Alikuwa amevaa suti waliyomzikia. Nelda alimpa simu, maana viazi vilikuwa vinaanza kuungua.

"Doyle Haskew hapa," baba alisema. "Silinda inakwama."

Huku kwenye milima ya Ozark mtu husamehewa mengi. Husamehewa pombe, husamehewa hata kukosa ibada kwa sababu samaki wanakula vizuri. Bastola chafu hasamehewi. Mtu akifa na silinda ya risasi imekwama, wenzake huwaza jambo moja tu: chembe za baruti zilizobaki chini ya nyota, kile kichuma chenye meno kinachosukuma maganda nje. Uchafu ukikaa pale, silinda haizunguki. Ni aibu kama ya kukaribisha wageni kwenye nyumba isiyofagiwa.

Doyle alikuwa akipitisha mswaki chini ya nyota kila Jumapili baada ya kanisa, kwenye meza hii hii, mpaka kuku wa Jumapili akanukia mafuta ya bunduki. Nelda alikua akiyaona hayo. Lakini siku jike la nguruwe mwitu lilipomtokea bondeni, limefuatwa na watoto wake, bastola ilitoa risasi moja kisha ikagoma. Mazishini hakuna aliyetamka neno. Watu walitazamana tu juu ya sahani za maharagwe, na kutazamana kule kulimuuma Nelda kuliko jeneza lenyewe.

Ndiyo maana aliituma bastola kiwandani. Hakutaka fidia. Alitaka waseme kwamba kosa lilikuwa la bastola, si la baba yake, na baba yake alikuwa amerudi kwa ajili ya hilo hilo.

Tangu siku ile Doyle akawa anakuja kila alasiri, saa ambazo kampuni hupokea simu. Jumamosi na Jumapili hakuja, kwa kuwa ofisi ilikuwa imefungwa. Alikaa akisikiliza muziki wa kusubirisha, amekumbatia kikombe cha kahawa ambacho hakukinywa. Nywele zake ziliendelea kukua, kwa hiyo Nelda alimnyoa akiwa hapo hapo kwenye simu, akimhamishia simu sikio la pili alipofika upande wenye simu. Walizungumza kuliko walivyowahi kuzungumza, kwani alipokuwa hai alikuwa na kazi nyingi. Nelda alimweleza kwa nini hakuolewa na yule kijana wa Springfield.

"Nilijua tu," Doyle alisema. "Alikuwa anatia sukari kwenye mkate wa mahindi."

Siku moja dhoruba ilikata simu, na Doyle akatembea hadi duka la chakula cha mifugo, ambako wanaume hukaa wakisifia na kusengenya silaha zao. Arvel Stamps, mwenye duka, alimsogezea kiti.

"Doyle, kaburi limekukubali bwana. Umenenepa."

"Ni suti hii."

Wakacheka wote. Kisha Arvel akajikuna kidevu. "Sasa tuambiane ukweli kama wanaume. Chini ya nyota, ulikuwa unapitisha mswaki?"

"Kila Jumapili, Arvel."

"Sawa, sawa," Arvel alisema, kwa sauti ile ya kumkubalia mlevi kwamba hajalewa.

Doyle alirudi nyumbani akakaa mezani bila kuvua kofia. Nelda hakuwahi kumwona akivaa kofia ndani ya nyumba.

Mwishowe yule dada, aliyeitwa Trina, alipiga mwenyewe.

"Mzee Haskew, habari njema. Bastola yako tumeikagua, haina kasoro yoyote. Tumeibadilishia silinda na springi, na ile nyota yenyewe, bure kabisa. Iko njiani."

"Kama haiumwi, mbona mmeibadilishia viungo?"

"Ni ukarimu wa kampuni, mzee. Tunawafanyia wote."

"Wote akina nani?"

Trina alishusha sauti. "Hao unaosubiri nao kwenye laini. Wengi wao wako kama wewe."

Doyle alitega sikio. Ni kweli, nyuma ya Trina walikuwepo watu, wakikohoa kwa adabu, kila mmoja akingoja zamu yake.

"Niandikie kwamba ilikuwa mbovu," alisema. "Sentensi moja tu, binti."

"Sina ruhusa, mzee. Ningekuwa nayo ningekuandikia hata mbili." Alisema kweli.

Bastola ilifika, imepakwa mafuta, silinda inazunguka bila kelele. Faili likafungwa. Alasiri ya pili yake Doyle hakuja, wala zilizofuata. Nelda alipika chakula cha watu wawili akakimwaga nusu. Dukani kwa Arvel waliendelea kusema waliyokuwa wakiyasema. Mnyonge hana haki, na hilo Nelda aliweza kulimeza. Kilichomshinda ni kile kiti, na paka aliyelala juu yake mchana kutwa.

Alichukua koleo, akavunja risasi moja, akamimina baruti yake kiganjani. Akamwomba Mungu msamaha, akamwomba na baba yake. Kisha akaishindilia baruti chini ya nyota, akafunga silinda, akajaribu kuizungusha. Ilikataa. Akapiga simu.

"Imekwama tena," alisema.

"Nitahitaji mnunuzi wa kwanza, dada," Trina alisema.

Doyle aliingia kwa mlango wa nyuma. Aliichukua bastola, akailazimisha ikafunguka, akapitisha ukucha chini ya nyota. Chembe za baruti zilinata kwenye ukucha. Alizitazama, akamtazama bintiye. Nelda aligeukia jiko, kwa sababu uso wa baba yake hakuuweza.

"Nilikuwa nimebaki peke yangu, Baba," alisema.

Doyle aliifunga silinda taratibu, akaketi, akachukua simu.

"Mzee Haskew," Trina alisema, "safari hii faili linafunguliwa upya. Ila wananitaka nikuulize. Hii bastola ulikuwa unaisafisha?"

"Hapana, binti," Doyle alisema. "Tangu niinunue sijawahi kuisafisha. Andika hivyo hivyo."

Trina akaandika, akamwomba asubiri.