Utepe Mwekundu wa Mguu wa Kushoto

Nilikuwa dereva wa trekta la kuvuta ndege, na nasema mapema kwamba Meneja Remigius sikumpenda, ili msomaji asije akanilaumu baadaye kuwa nimemficha jambo. Sikumpenda tangu siku aliyofika kutoka mji wa Mkuu akiwa na suti ya Kaunda na viatu vinavyolia, akatukuta tunafunga jeki chini ya bawa, akauliza ndege inahitaji jeki za nini na magurudumu inayo. Wenzangu walicheka kwa adabu wakidhani ametania. Mimi nilimtazama usoni, nikaona hataniwi wala hatanii.

Shirika letu lilikuwa na ndege moja ya injini mbili kwenye uwanja mdogo nje ya mji wa Moshi. Kazi yake iliyoandikwa ilikuwa kubeba dawa za kahawa. Kazi yake halisi ilikuwa kusimama. Ilikuwa imesimama tangu masika ya mwaka uliopita, baada ya kufuli ya ndani ya mguu wa kushoto kuvunjika, na kipuri chake kilikuwa kinasubiri fedha za kigeni. Miaka ile kila kitu kilisubiri fedha za kigeni, hata sabuni.

Fundi wa ndege hiyo alikuwa Ebenezeri, mtu wa Masama, jirani yangu. Kihamba chake, yaani shamba lake la migomba na kahawa, na changu vinatenganishwa na mfereji. Alinifafanulia mara nyingi jinsi mguu wa ndege unavyofanya kazi, mpaka nami nikajiona nusu fundi. Mguu hukunjwa na kunyooshwa na mafuta yanayosukumwa kwa presha. Ukishanyooka, kufuli ya ndani huushika usijikunje. Kufuli ikivunjika, fundi anabaki na vitu vitatu: jeki za kuibeba ndege, mashine ya presha inayokaa ardhini na kuingiza mafuta mguuni kwa mipira yake minene, na pini ya chuma inayochomekwa kwenye kiungo cha mguu. Pini hiyo ina utepe mwekundu unaoning'inia, ili hata mpita njia ajue hapo hapaguswi. Ebenezeri alivitumia vyote vitatu na hakukiamini hata kimoja, ndiyo maana ndege ilikuwa bado imesimama.

Basi marafiki wa nchi fulani wakasikia shida yetu wakatusaidia. Tuliomba kipuri cha ukubwa wa ngumi, wakatuletea mashine mpya ya presha yenye ukubwa wa ng'ombe wa maziwa, imepakwa rangi ya kijani, ina injini yake ya dizeli na geji yenye mshale mrefu. Ilikuwa mashine nzuri, siwezi kuisema vibaya. Ila ilikuwa kama kumletea mtu asiye na meno kijiko cha fedha. Meneja Remigius aliipokea kwa machozi, akatangaza kwamba itazinduliwa na mgeni rasmi kutoka makao makuu, na mashine itaonyeshwa ikiwa imeunganishwa na ndege.

Ulikuwa mwaka 1983, mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi. Mjini watu walikuwa wanatupa katoni za sabuni mtoni kwa kuogopa kukutwa nazo. Mwenye duka alikuwa mhujumu, mwenye gunia la sukari mhujumu, na mtu akichelewa kujibu salamu watu walianza kumtazama. Meneja alimwita Ebenezeri ofisini, akamwambia bila kupepesa macho kwamba ndege ikionyesha kasoro yoyote mbele ya mgeni rasmi, yeye ataihesabu ni hujuma, na mhujumu mwenyewe anamjua kwa jina na kwa kijiji. Ebenezeri alirudi karakana akanisimulia neno kwa neno. Jioni ile mkewe, Eliona, alimkunjia blanketi na mswaki, akaviweka karibu na mlango. Alisema wanaochukuliwa huwa hawapewi nafasi ya kutafuta blanketi.

Kuanzia hapo Ebenezeri alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: ndege isimame mpaka mgeni rasmi aondoke.

Kamati ya maandalizi ilianza na jeki. Meneja alisema ndege iliyo juu ya jeki inaonekana kama mgonjwa aliyefungwa mguu kwenye ubao, na tena jeki zenyewe zilikuwa za msaada. Nchi inayojitegemea, alisema, haiwezi kumwonyesha mgeni ndege isiyojitegemea. Wajumbe walipiga makofi. Ebenezeri alieleza habari ya kufuli iliyovunjika, akaeleza vizuri na kwa upole, akajibiwa kwamba tatizo lake ni kukosa imani na ndege ya umma. Nikaamriwa mimi nizivute jeki kwa trekta nikazifiche nyuma ya choo. Nilizivuta. Nilitukana njia nzima, lakini nilizivuta.

Halafu wakaja kwenye utepe. Uzinduzi hauwi uzinduzi bila utepe wa kukatwa, na Moshi nzima haikuwa na utepe. Duka la ushirika lilikuwa na majembe yasiyo na mipini na dawa ya viatu ya rangi ambayo hakuna aliyekuwa na viatu vyake. Mjumbe mmoja akakumbuka kwamba kwenye mguu wa kushoto wa ndege pana utepe mwekundu, mzuri, mrefu, unaoning'inia bure. Ebenezeri alisimama. Alisema utepe ule si pambo, ni wa pini, na pini ile haitoki hapo hata kama yeye atatoka. Nilijivunia jirani yangu siku ile. Ndipo meneja akatoa suluhisho ambalo kila mtu, hata Ebenezeri, aliliona la busara: utepe ubaki pale pale kwenye pini yake, ncha yake ya chini ifungwe kwenye mashine mpya, na mgeni aukate katikati. Pini itabaki, utepe utakatwa, kila mtu atafurahi. Tulipeana mikono.

Mkasi tuliuazima kwa Zaidi, fundi cherehani wa karibu na soko. Zaidi alituambia ukweli wake kwamba tangu vitambaa viadimike anashona magunia na maturubai, na mkasi umeisha makali. Meneja alisema mkasi ni mkasi.

Siku yenyewe uwanja ulipendeza. Mlima ulikuwa wazi asubuhi ile, shule zilileta watoto wa kuimba, na viti vya ofisi zote za jirani vilikuja kwa mkokoteni. Ndege ilisimama kwa miguu yake, imesuguliwa mpaka inang'aa. Ebenezeri aliwasha mashine mpya, mshale ukapanda mpaka mahali pake, na mafuta yakaushikilia mguu. Alinisogelea akaninong'oneza kwamba presha ipo na pini ipo, na vitu viwili si haba. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilimwona anatabasamu.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye hotuba ndefu. Alipoanza tu kusema, ngurumo ya mashine ikamzidi. Akasema tena, mashine ikamzidi tena. Meneja Remigius akamjia Ebenezeri mbio kwa vidole vya miguu, akamwamuru aizime, mheshimiwa hawezi kushindana na injini. Ebenezeri alisema mashine ikizimwa presha haitakaa, mipira ya ndani ya mguu imezeeka na mafuta yatarudi polepole. Meneja akaipapasa mashine mwenyewe, akakiona kitufe chekundu, akakibonyeza. Kukawa kimya, na mheshimiwa akaanza upya tangu kabla ya uhuru.

Kabla ya siku ile sikuwahi kusikiliza hotuba nikiwa nimeitazama geji. Mheshimiwa alipokuwa kwenye ukoloni, mshale ulikuwa bado juu. Alipofika kwenye Azimio, ulikuwa umeshuka robo. Alipoingia kwenye vita vya Kagera, ulikuwa nusu, na mguu wa kushoto ulitoa mlio mdogo ambao ni mimi na Ebenezeri tu tulioujua. Jirani yangu hakuvumilia. Aliinua mkono juu kabisa ili hotuba isimamishwe. Umati mzima ukadhani anatoa kauli ya chama, ukaitikia kwa sauti moja, kidumu, na mheshimiwa akafurahi sana, akaongeza sehemu ya kilimo cha kufa na kupona. Mshale ulilala kwenye sifuri alipokuwa anatushukuru kwa kumsikiliza.

Ikabaki pini. Ebenezeri aliniangalia, akasema taratibu kwamba pini peke yake inatosha, mradi isiguswe.

Mheshimiwa alipewa mkasi kwenye sinia. Akaupeleka kwenye utepe, akabana. Utepe wa ndege haukufumwa kwa sherehe. Ulijikunja kati ya makali yale mabutu, ukatoka mzima. Akabana tena kwa mikono miwili. Watoto wakaanza kucheka. Meneja akapiga makofi peke yake ili kufunika kicheko. Mheshimiwa alitoka jasho, na mimi naapa nilimhurumia, kwa sababu nilijua mtu mkubwa hawezi kurudisha mkasi kwenye sinia mbele ya watoto wa shule. Akauweka mkasi mfukoni. Akausokota utepe mkononi, akatabasamu kwa mpiga picha wa gazeti, akavuta.

Pini ilitoka kwa urahisi kabisa, maana Ebenezeri alikuwa anaipaka grisi kila Jumatatu.

Ndege haikuanguka kwa kishindo. Mguu wa kushoto ulijikunja polepole kama mzee anayetafuta kiti, bawa likagusa ardhi, panga za injini zikajipinda, na dawa ya kahawa iliyopakiwa ndani kwa ajili ya maonyesho ikaanza kuvuja. Watoto waliacha kucheka. Mungu mkubwa, hakuna aliyekuwa chini ya bawa. Mheshimiwa alibaki amesimama na utepe mkononi, pini inaning'inia, akituuliza kwa macho kama hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe.

Meneja Remigius alinyoosha kidole. Alisema neno moja, mhujumu, na kidole kilikuwa kifuani pa Ebenezeri. Polisi walimpandisha Landrova mbele yetu sote. Nilikwenda mwenyewe Masama kumchukulia blanketi, na Eliona alinikabidhi pamoja na mswaki. Nililia kwenye mfereji nikirudi, sioni haya kusema.

Kilichomwokoa Ebenezeri si haki, ni gazeti. Mpiga picha alikuwa amebonyeza kamera yake mheshimiwa alipovuta, wala si baadaye, kwa kuwa baadaye alikuwa anakimbia. Picha ilitoka ukurasa wa kwanza: mheshimiwa anatabasamu, utepe umenyooka, pini inaonekana vizuri mkononi mwake, na nyuma yake ndege imesimama wima. Chini waliandika kwamba uzinduzi ulifana. Sasa makao makuu wakapata kazi ya kufikiri. Ili kumshitaki Ebenezeri ingebidi mtu aseme mahakamani kwamba ndege ilianguka, na ndege ikianguka hakimu angeuliza pini ilikuwa wapi, na pini ilikuwa ukurasa wa kwanza. Wakaona ni afadhali ndege isiwe imeanguka. Likatoka tangazo kwamba ndege imelazwa kwa matengenezo ya kawaida, na fundi Ebenezeri aliyekuwa likizo amerudi kazini.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Meneja Remigius alipanda Masama kwa miguu. Alikuwa na mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, na jani la isale mkononi. Nilikuwepo. Kwetu huku mtu akikujia na isale amekuja kuomba msamaha, na hakuna anayelikataa isale, hata aliyefanyiwa ubaya wa namna gani. Ni jambo lisilofanyika. Meneja alijua hilo kama sisi tunavyolijua. Alisema alinyoosha kidole kwa hofu, kwa maana alijua kwamba asiponyoosha yeye, atanyooshewa. Alisema hivyo akiangalia chini, na ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akisema kitu ambacho hakikupitishwa na kamati. Eliona aligeukia ukuta. Mimi nilikuwa namwombea Ebenezeri awe mtu wa kwanza katika historia ya mlima kulikataa isale.

Hakulikataa. Alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama, akalirudisha mkononi mwa meneja.

"Mimi nimekusamehe, Mangi," alisema, akimwita kwa jina la heshima la kwetu. "Lakini mimi sikuanguka. Aliyeanguka yuko uwanjani."

Meneja alisubiri mtu acheke ili naye apate pa kutokea. Hakuna aliyecheka. Aliacha mbege, akashuka na jani lake.

Jumatatu asubuhi nilifika kazini kabla ya wengine, maana trekta langu lilikuwa na ubishi wa kuwaka. Ndege ilikuwa bawa chini, na mafuta mekundu ya mguu wake yamekauka kwenye saruji. Kwenye kiungo cha mguu wa kushoto, katika tundu lile lile la pini, palikuwa na jani la isale limefungwa vizuri, linaning'inia pale utepe ulipokuwa ukining'inia. Karibu yake kwenye vumbi palikuwa na alama mbili za magoti na alama za viatu vya ofisini.

Ebenezeri alipofika alilitazama jani kwa muda, akaenda nyuma ya choo kuanza kuzitoa jeki. Nikaenda kuliwasha trekta nimsaidie kuzivuta.