Ushahidi wa Andati

Andati alirudi nyumbani Lurambi mwaka 1996, amekonda hadi mkewe Navalayo akamtambua kwa sauti tu. Miaka kumi na moja alikuwa akisafisha matangi ya mafuta Mombasa, na kifua alichokuja nacho hakikusikia dawa ya hospitali wala mitishamba.

Lakini kilichomla zaidi hakikuwa kifua.

"Valvu niliifungua mimi, Navalayo," alimwambia siku moja wakipukuchua mahindi. "Bosi alisema ule uchafu wa tangi niumwage maji yakianza kupwa, bahari iubebe. Haikuubeba. Mikoko ikakauka yote. Akina mama wanaookota chaza walikuja langoni na vikapu vimejaa matope meusi, wanatuuliza watoto wale nini. Nilisimama pale na yunifomu ya kampuni. Nikanyamaza."

Tangu hapo akawa anayarudia: tarehe, namba ya tangi, jina la bosi. Navalayo akayajua kama Baba Yetu.

Mwanzoni mwa 2000 redio ilipotangaza sheria mpya ya mazingira, Andati aliiandikia serikali barua Nairobi. Yuko tayari kuapa, alisema, hata kama naye atafungwa. Kila Navalayo alipotoka posta ya sokoni alimkuta amejikongoja hadi mlangoni.

"Hawajajibu?"

"Bado, baba."

Afisa wa mazingira alifika Novemba, akakuta turubai la matanga halijashushwa. Andati alikuwa amezikwa Jumamosi.

"Pole sana, mama. Tumechelewa."

"Andika, mwanangu. Yote ninayo. Alikuwa ananiambianga kila siku."

"Ulikuwepo akifungua hiyo valvu?"

"Nilikuwa hapa, nalima."

Afisa akainamisha kichwa. "Basi mahakama haitakubali. Inataka aliyeona kwa macho yake. Na wenzake wote wamekataa kusema. Tulikuwa tunamtegemea yeye peke yake."

"Na wale akina mama wa chaza?"

Afisa alifunga faili, akaliweka magotini.

Navalayo akasema hata hivyo. Alianza na tarehe, akataja tangi namba saba, akamtaja bosi kwa majina yake matatu. Alipofika langoni, kwenye vikapu, alijifuta macho kwa kitambaa cha kichwa, akaendelea. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi, kalamu mfukoni.