Mkono wa Muzamil Haushikiki

Palma nzima inajua: Muzamil ukimshika mkono, humpati. Miaka tisa kijana anafanya kitu hicho kimoja. Wenzake wameacha shule, wameingia Afungi kwenye mradi wa gesi kubeba mabomba, wametolewa, wameingia tena. Yeye kila Jumamosi asubuhi yuko uani kwa mwalimu wake, Mestre Abacar, kavaa suruali nyeupe ya mazoezi iliyokwisha magotini, anashikwa mkono, anautoa. Anashikwa, anautoa.

Alianza kwa sababu ya Gilberto, mtoto wa mtumishi mmoja wa serikali aliyehamishiwa Palma kutoka kusini mwa Msumbiji. Gilberto alikuwa na mwili wa kabati. Kila mapumziko anakushika kifundo cha mkono, anakukunja, anakula maandazi yako mbele yako taratibu, kama yuko hotelini. Muzamil akaapa. Akaenda kwa Abacar, fundi seremala aliyejifunzia karate Nampula na kurudi na cheti, akamwambia, "Mestre, nataka mtu akinishika nitoke." Mwaka mzima ukaisha anajifunza kulitafuta dole gumba la mwenzake, maana mkono wa binadamu una mlango mmoja tu, pale gumba linapokutana na vidole. Alipoiva, akamsubiri Gilberto mapumziko. Gilberto kashahamia Pemba na baba yake. Siku hizi karudi, anafanya kazi ofisini, akikutana na Muzamil anamkumbatia na kumwita ndugu yangu. Sasa mtu anayekukumbatia utamfanya nini?

Mwingine angeacha. Muzamil akasema, hapana, nimeshaanza. Vita vilipofika mjini alikimbia kama watu wote, tena katika wale wa mbele, maana bunduki haina kifundo cha kukunja. Lakini hata walipokuwa wamejibanza Quionga kwa shangazi yake, alfajiri alikuwa anaingiza mkono kwenye panda ya mpera na kuuchomoa, mpaka shangazi akauliza kama mtoto yuko sawa. Zamani alikuwa anaruka, anapiga kelele, anatupa kiwiko huko. Mwaka baada ya mwaka akapunguza. Kelele akaitoa. Kuruka akakutoa. Mwisho ikabaki kitu kidogo kama kufungua kifuniko cha chupa: mkono unageuka, bega linashuka, aliyekushika yuko chini na hajui kafikaje.

"Ukifikiri umechelewa," Mestre alikuwa anasema. "Mkono usiulize kichwa."

Ukaacha kuuliza. Na katika miaka tisa yote hakuna mtu hata mmoja aliyemvamia.

Basi akampenda Zulfa. Zulfa ni binti wa Bwanaheri, na Bwanaheri ndiye yule mzee anayevusha mchele na vitenge kutoka Mtwara, Rovuma inamjua kuliko mamba. Ana viganja kama makasia. Na ana desturi yake, ya wafanyabiashara wote wa mto ule: mkishapatana bei anakupa mkono, halafu hauachii. Anaubana, anakuvuta kwake kidogo, anakutazama machoni mpaka useme "tumekubaliana" kwa sauti ya kusikika. Hapo ndipo biashara imefungwa. Watu wamezoea. Wanakunja uso, wanasema, wanaachiwa, wanapuliza vidole.

Siku ya ndoa barazani kulijaa. Sheikh Khamis kawakalisha wanaume wawili wale juu ya mkeka, goti kwa goti, mkono kwa mkono, kaweka kitambaa cheupe juu. Bwanaheri akasema vizuri kabisa: "Nimekuoza binti yangu Zulfa kwa mahari tuliyokubaliana." Na kwa kuwa hii ndiyo biashara kubwa kuliko zote alizowahi kufunga, akabana kwa nguvu zake zote, akavuta.

Muzamil alikuwa anafungua mdomo aseme nimekubali. Mdomo ulichelewa.

Kitu walichoona watu ni mzee analala kifudifudi mkekani kama anasujudu upande usio wa kibla, kofia inabingirika mpaka kwenye sinia la haluwa, Sheikh Khamis kabaki kashika kitambaa hewani. Halafu, kutoka nyuma kabisa, sauti ya Mestre Abacar ikamtoka kabla hajaizuia:

"Safi!"

Wa mwisho kujua alikuwa Muzamil mwenyewe. Aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Baba, nisamehe! Wallahi si mimi!"

"Si wewe nani?" Bwanaheri anainuka, ndevu zina nyuzi za mkeka. "Malaika?"

Sheikh Khamis akajaribu kuiokoa siku. Akasema kushikana mkono siyo nguzo ya ndoa, ni desturi tu, wanaweza kukaa mbalimbali wakatamka, ikatosha. Bwanaheri akamtazama kama katukanwa.

"Sheikh, mimi sijawahi kufunga gunia moja la mchele bila mkono. Nimfunge mwanangu hivihivi? Watu watasema nimemwoza kwa simu." Halafu akapunguza sauti, akamgeukia Muzamil, na hapo hakuwa anafanya mzaha tena. "Na nikuulize wewe. Mimi mwanamume na ndevu zangu nimekushika kwa heri, umenilaza. Siku mwanangu akikushika kanzu kukuuliza ulikuwa wapi, atalala wapi?"

Miaka tisa Muzamil hakuwahi kuwaza kuna watu wanashika kwa heri.

Bwanaheri akatoa neno: siku kijana atakapokaa ndani ya mkono wake mpaka mwenyewe atake kumwachia, siku hiyo ataoza. Lakini iwe kabla ya Ramadhani. Ikipita, Zulfa anavuka kwenda Mtwara kwa shangazi yake, na huko kuna mwanamume mmoja aliyefiwa na mkewe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mikono yake haina matatizo.

Yaani wiki sita.

Jumamosi ile Muzamil akafika kwa Mestre kabla ya jua.

"Mestre, nifundishe kukaa."

"Kukaa vipi?"

"Kushikwa, nisitoke."

Abacar akaweka randa chini. Akafikiri mpaka chai ikapoa. "Hilo sina," akasema. "Nampula hawakutufundisha."

Wakajaribu hivyohivyo. Wakaitwa wanafunzi wote, mmoja mmoja anamshika, na mmoja mmoja anakwenda chini. Muzamil akifumba macho, wanaanguka. Akihesabu moja mpaka kumi, wanaanguka kwenye mbili. Tatizo ni kwamba alikuwa ameupunguza mchezo mpaka haukubaki na mwanzo wa kuuzuia. Ule wa zamani wa kuruka na kelele ungeukamata njiani. Huu wa sasa ukija kuuona umekwisha.

"Kosa lako," Mestre akasema, na sauti ilikuwa na fahari kidogo, "umejifunza vizuri mno."

Bwanaheri naye hakuwa mtu wa kusubiri. Ijumaa, watu wanatoka msikitini, akamdaka kwa nyuma kumjaribu. Mzee akapiga goti mbele ya waumini. Wiki iliyofuata akamdaka sokoni, mbele ya wauza pweza, na safari ile akaachia mwenyewe kabla hajaanguka, akabaki anafuta kiganja kwenye shati kana kwamba kashika moto. Wauza pweza wakacheka. Kuanzia hapo mji mzima ukaanza kumpa Muzamil mkono kwa mbali, kama anauza ukoma.

Usiku Zulfa akapiga simu.

"Nasikia umemwangusha baba tena."

"Si mimi, Zulfa. Mkono."

"Basi niambie mapema naolewa na nani, wewe au mkono. Nijue nani nimpikie."

"Unacheka wewe."

"Sicheki. Shangazi kashanitumia picha ya duka. Lina saruji mpaka darini." Akahamishia simu sikio la pili. "Wanaokushika huko wote wanaume, wote wanajikaza, na wewe unajikaza. Kesho alasiri nenda kwa bibi."

Bibi Haula ni mama yake Bwanaheri. Ana miaka themanini na kitu, mwepesi kama kapu tupu, mifupa unaweza kuihesabu kwa macho. Muzamil alipofika alimkuta kibarazani anachambua choroko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayewalaza watu? Kaa. Lete mkono."

"Bibi, hapana. Hapana, bibi."

"Lete."

"Nitakuumiza."

"Ukiniumiza mimi, mjukuu wangu, hutaitwa fundi. Utaitwa muuaji. Lete huo mkono."

Akaushika. Vidole vikavu, vya moto, havibani wala havilegei. Muzamil akahisi bega linataka kushuka. Akalizuia kwa roho yake yote, jasho likamtoka kama anabeba jiwe. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa mkono ukauliza kichwa, na kichwa kikajibu kwa kelele: huyu anakufa!

Bibi Haula anachambua choroko kwa mkono mmoja, anasimulia. Akasimulia habari za mume wake wa kwanza. Akasimulia habari za wa pili, ambaye alikuwa mbaya zaidi lakini anajua kuimba. Akamaliza choroko, akanywa uji, akasinzia, hajaachia. Muzamil hajui kama mtu aliyesinzia unaruhusiwa kumtoka. Akakaa. Inzi akamtua puani, akakaa. Adhana ya magharibi ilipoita ndipo bibi akazinduka, akautazama mkono kama kitu alichosahau kukirudisha.

"Haya, nenda kasali. Na kesho uje, bado sijamaliza wa pili."

Akaenda kila siku. Siku nyingine bibi alimshika kwa kumvutavuta, siku nyingine kwa kucha, siku moja kwa hasira kabisa, akidhani ndiye mume wa pili. Mestre Abacar akaja siku moja kuchungulia, akasimama mlangoni dakika tano, mwanafunzi wake bora ametulia kwenye kiganja cha bibi kizee kama ndoo kwenye msumari. Akaondoka bila kuaga.

Ijumaa ya mwisho kabla ya mwezi kuandama, wakakaa tena juu ya mkeka. Safari hii watu walikuja wengi kuliko mwanzo, wengine kutoka Quionga, na tuseme kweli, hawakufuata pilau. Waliokaa karibu waliisogeza haluwa mbali.

Bwanaheri alinyoosha mkono kama anautia kwenye tundu la nyuki. Alishika ncha za vidole tu.

"Baba," Muzamil akasema polepole, "shika vizuri."

Mzee akashika vizuri. "Nimekuoza binti yangu Zulfa kwa mahari tuliyokubaliana." Akabana. Hakikutokea kitu. Akavuta. Hakikutokea kitu. Basi jamani, akabana mpaka shingo ikamvimba, ya wiki sita yote akayatia mle, goti la msikitini na kicheko cha wauza pweza. Mifupa ya Muzamil ikalia. Na Muzamil anauona mlango, pale kwenye gumba, uko wazi kabisa, mzee hajui hata kuufunga. Mkono ukauliza. Kichwa kikasema kaa.

"Nimekubali kumwoa Zulfa kwa mahari hayo."

Vigelegele vikatoka ndani, Sheikh Khamis akapumua, akaomba dua. Watu wakaitikia amina. Pilau likaja. Bwanaheri hajaachia.

Akainuka naye. Akazunguka naye baraza lote, kamshika kama mbuzi aliyenunuliwa, anawaonyesha watu: mnamwona? Si mlisema hashikiki? Mbele ya wauza pweza akasimama kwa muda mrefu. Halafu akapaza sauti:

"Haya, mwanangu. Ndoa imeshafungwa, mimi sina la kukufanya. Toka sasa! Tuone kazi ya miaka tisa!"

Watu wakaacha kula. Simu zikainuliwa. Kwenye dirisha pazia likasogea kidogo, Zulfa yuko pale, uso na vidole vya hina, anatazama. Muzamil akautazama mkono wa baba mkwe, gumba lile limekaa ovyo, mtoto wa mwezi mmoja wa mafunzo angetoka.

Akavuta mara moja, vibaya. Akavuta mara ya pili, kwa kuruka na kupiga kelele, kama mwaka wa kwanza.

"Nimeshindwa, baba."

Bwanaheri alicheka mpaka akakohoa. Akamwachia, akambusu paji la uso, akamsukuma kuelekea mlango wa bibi harusi. Mpaka leo ukienda kwake kununua mchele huondoki bila kusikia jinsi alivyomshika mtu asiyeshikika, na kila mwezi, kwenye hadithi yake, anambana kwa nguvu zaidi.

Mestre Abacar alikuwa anamsubiri kizingitini, sahani ya pilau mkononi.

"Umeniua," akasema. "Wanafunzi wawili wameshaniaga hapahapa. Wanasema kama mzee wa miaka sitini amekushinda wewe, wao wanajifunza nini?"

"Nisamehe, Mestre."

Abacar akatafuna kidogo. Akatazama huku na huku, akamsogelea sikioni.

"Gumba lilikuwa wazi?"

"Wazi kama soko."

"Nililiona," Mestre akasema kwa uchungu, akarudi kuongeza pilau.